NDIVA NA FLASHI: JINSI PROGRAMU KUBWA INAVYOANDIKWA KATIKA KIFAA KIDOGO

Katika milima ya Upare Kusini, kwenye kata ya Vudee, wilaya ya Same, wakulima wametumia kwa vizazi vingi mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Kijito kinachoteremka mlimani hakina maji mengi. Kama maji hayo yangeachwa yatiririke mfululizo katika mfereji hadi shamba la mbali, mengi yangenywewa na udongo njiani, na mwenye shamba la mwisho asingeona hata tone. Kwa hiyo usiku maji huelekezwa kwenye ndiva, yakakusanyika. Asubuhi tundu la ndiva hufunguliwa, na mkondo wenye nguvu hutoka ukafika shambani kwa yule ambaye zamu yake imewadia. Kisha tundu huzibwa, na ndiva huanza kujaa upya.

Msomaji aweza kujiuliza jambo hili lina uhusiano gani na kompyuta. Uhusiano upo. Mhandisi anayetaka kuandika programu kubwa katika kifaa kidogo cha elektroniki hukutana na tatizo la namna ileile: data huja kidogo kidogo, mahali pa kuipokea ni padogo, na mahali inapotakiwa kufika hapapokei ila kwa mafungu. Makala haya yanaeleza jinsi tatizo hilo linavyotatuliwa, na kwa nini kosa dogo katika kazi hiyo laweza kukiua kifaa kizima.

Kifaa kando ya maji

Bonde la mto Makanya, ambalo mto Vudee ni sehemu yake, si geni kwa wanasayansi. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao kutoka nchi za nje walipima humo mvua na mtiririko wa vijito, ili kuelewa jinsi wakulima wa juu na wa chini wanavyogawana maji. Siku hizi vipimo vya aina hiyo hufanywa mara nyingi na kifaa kinachojiendesha chenyewe, chenye betri, paneli ndogo ya nguvu za jua na redio ya mtandao wa simu.

Tuseme, kwa mfano, kwamba kifaa cha namna hiyo kimewekwa kando ya ndiva ili kipime kina cha maji kila baada ya dakika 15. Baada ya mwaka mmoja yagunduliwa kuwa programu yake ina kosa: hukosea hesabu kila maji yanapopungua sana. Kosa laweza kusahihishwa kwa kukipa kifaa programu mpya. Lakini yapasa kujiuliza: itakuwaje ikiwa programu ya zamani imekwisha kufutwa, nayo mpya imeandikwa nusu tu, na wingu likafunika jua betri ikaishiwa? Kifaa hakitakuwa na programu ya zamani wala mpya. Mafundi husema kifaa cha namna hiyo kimekuwa tofali, kwa maana hakifai tena kwa kazi yoyote isipokuwa kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo. Fundi itambidi apande mlima kutoka Same, na huenda kumbukumbu za maji za msimu mzima wa vuli zikapotea.

Sehemu tatu za kukumbuka

Ili kuelewa jinsi balaa hilo linavyoepukwa, hapana budi kutofautisha sehemu tatu zilizomo ndani ya kifaa.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya flashi. Humo ndimo programu hukaa, nayo haifutiki umeme ukikatika. Ya pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo ni nyepesi na ya haraka, lakini husahau kila kitu umeme unapokatika. Katika ESP32, mojawapo ya mikrokontrola zilizoenea sana duniani, kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 520. Flashi inayofungwa pamoja nayo mara nyingi ni megabaiti 4, yaani takribani mara nane ya kumbukumbu ya kazi.

Ya tatu ni programu anzishi. Kifaa kinapoamka, kichakataji chake hakijui lolote. Huanza tu kutekeleza maagizo yaliyo katika anwani moja maalumu. Katika anwani hiyo ndipo programu anzishi huwekwa. Ni programu ndogo yenye kazi mbili: kuipata programu kubwa na kuikabidhi kifaa, na, inapohitajika, kuipokea programu mpya na kuiandika. Programu kubwa inayoendesha kazi za kila siku za kifaa huitwa programu dhibiti. Katika bodi ya Arduino Uno, inayofahamika na wanafunzi wengi wa elektroniki, programu anzishi huchukua baiti 512 tu kati ya kilobaiti 32 za flashi. Katika vifaa vingine programu dhibiti inayotumika ndiyo inayopokea nakala mpya, na programu anzishi hubaki na kazi ya kuhakiki na kuchagua. Kanuni zitakazoelezwa hapa hazibadiliki kwa sababu hiyo.

Kanuni ya kwanza yaweza kutajwa sasa hivi: programu anzishi haijifuti yenyewe. Sehemu yake ya flashi hufungwa isiandikwe juu yake. Mtu akatapo tawi la mti hakalii tawi lilelile.

Tabia ya flashi

Kumbukumbu ambayo haisahau umeme ukikatika, na ambayo bado yaweza kufutwa, ilipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitoa aina iliyofutwa kwa kuangaziwa miali ya urujuanimno kupitia kidirisha kidogo cha kioo. Chipu hiyo ilipaswa kung'olewa katika kifaa na kuwekwa chini ya taa maalumu. Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, nchini Japani, alieleza aina mpya iliyofutwa kwa umeme, tena sehemu kubwa kwa mara moja. Iliitwa flashi, kwa kuwa ufutaji wake wa ghafla ulifananishwa na mmweko wa taa ya kamera.

Ndani ya flashi kuna mamilioni ya transista, na kila moja ina kijilango kilichozungukwa na kihami pande zote. Elektroni zikisukumwa kwa nguvu hadi katika kijilango hicho hunaswa humo, nazo zaweza kubaki kwa miaka mingi. Katika flashi ya aina inayotumiwa kuhifadhia programu za vifaa vidogo, transista yenye elektroni zilizonaswa husomwa kuwa 0, na isiyo nazo husomwa kuwa 1.

Kutokana na muundo huu hutokea sheria tatu ambazo kila mwandishi wa programu anzishi hana budi kuzitii.

Kwanza, kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0. Flashi iliyofutwa imejaa 1 kila mahali. Biti ikishageuzwa kuwa 0, kuandika peke yake hakuwezi kuirudisha kuwa 1.

Pili, kuirudisha kuwa 1 ni kufuta, na kufuta hakufanywi kwa biti moja wala kwa baiti moja. Hufanywa kwa sekta nzima. Katika flashi nyingi za nje zinazotumika na mikrokontrola, sekta ndogo kabisa ina baiti 4,096. Kuandika nako hufanywa kwa kurasa, na ukurasa mmoja hauzidi baiti 256. Kwa hiyo sekta moja ina kurasa 16.

Tatu, flashi huchakaa. Kila sekta inapofutwa kihami huumia kidogo. Watengenezaji wengi wa flashi za aina hii huahidi mafuto 100,000 kwa kila sekta, na baada ya hapo hawatoi dhamana.

Msomaji na afikirie ubao wa darasani ambao chaki yake haifutiki kwa kidole. Mwalimu akikosea herufi moja, yampasa afute ubao wote na kuandika upya kila kitu. Na ubao wenyewe, ukifutwa mara nyingi mno, huanza kukataa chaki.

Kupokea kwa mafungu

Sasa tuchukue programu dhibiti yenye ukubwa wa megabaiti 1, yaani baiti 1,048,576. Ni dhahiri kuwa haiwezi kupokelewa yote kwanza katika kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 520, ndipo iandikwe. Ni sawa na kutaka kujaza maji ya msimu mzima katika ndiva moja. Hivyo hugawanywa katika mafungu ya baiti 4,096, kila fungu sawa na sekta moja. Mgawanyo huo hutoa mafungu 256 kamili.

Katika kumbukumbu ya kazi hutengwa nafasi ya baiti 4,096, ambayo hapa itaitwa kihifadhi cha muda. Data inapoingia hujaza kihifadhi. Kikijaa, programu anzishi hufuta sekta moja ya flashi na kuiandika kutoka humo ukurasa kwa ukurasa. Kisha kihifadhi huhesabiwa kuwa kitupu, na fungu linalofuata hupokelewa. Hii ndiyo kazi ya ndiva: kujaa, kufunguliwa, na kujaa tena.

Lakini yapo maji yanayoendelea kutiririka wakati tundu limefunguliwa. Data nayo haingoji. Fundi akiunganisha kompyuta yake na kifaa kwa waya, kwa mwendo wa kawaida wa biti 115,200 kwa sekunde, kila baiti hubebwa na biti 10, maana huongezwa moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Kwa hiyo huingia baiti 11,520 kwa sekunde, na kihifadhi hujaa kwa milisekunde 356 hivi.

Kufuta sekta moja ya flashi huchukua kwa kawaida milisekunde 45 hivi. Kuandika ukurasa mmoja huchukua takribani milisekunde 0.7, basi kurasa 16 huchukua milisekunde 11. Jumla ni milisekunde 56. Katika muda huo baiti nyingine zipatazo 645 zimekwisha kubisha hodi. Kama hakuna pa kuzipokea zitapotea, na programu itaandikwa ikiwa na pengo.

Dawa ya kwanza ni kuwa na vihifadhi viwili. Kimoja kikiwa kinamwagwa katika flashi, cha pili kinajazwa. Kisha hubadilishana zamu. Kwa kuwa kumwaga huchukua milisekunde 56 na kujaza huchukua 356, kazi huenda bila wasiwasi.

Hata hivyo mhandisi mwangalifu hatosheki na wastani. Watengenezaji wa flashi husema pia muda mrefu kabisa ambao kufuta kwaweza kuchukua, nao mara nyingi ni milisekunde 400. Hapo jumla huwa milisekunde 411, ambazo ni zaidi ya 356. Kihifadhi cha pili kitajaa kabla cha kwanza hakijaisha, na baiti zaidi ya 600 zitamwagika. Kifaa kilichofanya kazi vizuri mara elfu mezani kitashindwa siku moja mlimani, na hakuna atakayejua sababu.

Dawa ya pili, basi, ni mapatano. Mpelekaji hatumi fungu linalofuata mpaka mpokeaji amejibu kuwa liliopita limefika salama na limeandikwa. Mapatano ya namna hiyo ni ya zamani. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Marekani aliandika yale yaitwayo XMODEM, ambayo hugawanya data katika mafungu ya baiti 128, kila fungu likiwa na namba yake na tarakimu ya kulihakikia. Mpokeaji hujibu kwa herufi moja: ama amepokea, ama arudiwe. Programu anzishi nyingi bado zinatumia mapatano hayo au ndugu zake. Hupunguza mwendo kidogo, lakini huondoa kubahatisha. Pale Vudee pia, mwenye zamu huchukua maji zamu yake inapofika, hachukui kwa sababu tu jembe lake li tayari.

Kuhakiki kilichoandikwa

Ulinganifu wa ndiva na flashi una mpaka wake, na ni vizuri kuuonyesha. Maji yakipungua ndoo moja, shamba bado hupata maji. Programu ikipungukiwa biti moja yaweza kuwa programu nyingine kabisa, au isiwe programu hata kidogo. Kwa hiyo haitoshi kuandika, lazima kuhakiki.

Njia rahisi ni kujumlisha thamani za baiti zote na kulinganisha jumla hiyo na ile iliyotumwa. Udhaifu wake waonekana kwa mfano mdogo. Katika alama za kompyuta herufi S ni 83, A ni 65, M ni 77 na E ni 69. Neno SAME lina jumla ya 294. Sasa herufi zikipindana njiani na kuwa SEMA, jumla ni ileile 294. Mpokeaji ataridhika, na kumbe mji umegeuka kuwa amri.

Njia bora ni ya baki. Tarakimu zote huunganishwa ziwe namba moja kubwa, namba hiyo hugawanywa kwa kigawanyo walichokubaliana, na baki ndilo hutumwa. SAME huwa 83,657,769. Ikigawanywa kwa 97 hubaki 22. SEMA huwa 83,697,765. Ikigawanywa kwa 97 hubaki 54. Udanganyifu umefichuka. Hesabu inayotumika katika vifaa halisi ni ya namna hii, ila hugawanya kwa kanuni ya biti, ambayo mashine huifanya upesi zaidi.

Uhakiki hufanywa mara mbili. Kila fungu huhakikiwa linapopokelewa, ili kosa lisahihishwe mapema. Kisha, mafungu yote 256 yakiisha kuandikwa, programu nzima husomwa tena kutoka katika flashi yenyewe na baki lake kuhesabiwa upya. Uhakiki wa pili ni muhimu kwa sababu fungu laweza kufika salama lakini likaandikwa vibaya, au likaandikwa mahali pasipo pake. Aidha, kifaa kinachopokea programu kupitia mtandao yapasa pia kihakiki saini ya siri ya mtengenezaji. Baki huonyesha kuwa programu haikuharibika. Saini huonyesha kuwa haikutoka kwa mwizi.

Umeme ukikatika katikati

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kuandika megabaiti 1 katika flashi huchukua sekunde 14 hivi, na kuipokea kwa waya huchukua sekunde 91. Kwa mtandao hafifu wa simu yaweza kuchukua dakika nyingi. Umeme waweza kukatika wakati wowote katika muda huo. Mhandisi hawezi kuzuia jambo hilo. Awezalo ni kuhakikisha kwamba, popote utakapokatikia, kifaa kitaamka kikiwa na programu moja kamili.

Njia inayotegemewa ni kugawa flashi katika vyumba viwili, A na B. Programu ya zamani imo katika A na inaendelea kukaa humo. Programu mpya huandikwa katika B. Umeme ukikatika wakati B imefika nusu, hakuna hasara: A haikuguswa, nayo ndiyo itakayoamshwa.

Swali linalobaki ni hili: programu anzishi itajuaje chumba cha kuamsha? Hujua kwa kusoma baiti moja ya alama iliyo katika sekta ya pekee. Hapa tabia ya flashi iliyoonekana kuwa kikwazo hugeuka kuwa msaada. Kwa kuwa biti yaweza kugeuzwa kutoka 1 kwenda 0 bila kufuta, alama yaweza kusonga mbele hatua kwa hatua. Mfano wake ni huu.

Baiti ya alama ikiwa 11111111, B haijakamilika, amsha A.
Ikiwa 11111110, B imeandikwa yote na kuhakikiwa. Geuza alama iwe 11111100, kisha iamshe B kwa majaribio.
Ikiwa 11111100, jaribio lilianza lakini halikuthibitishwa, rudi A.
Ikiwa 11111000, B imethibitishwa, amsha B.

Hatua ya tatu yataka maelezo. Programu mpya yaweza kuwa imeandikwa bila kosa lolote na bado ikawa mbovu, kwa kuwa aliyeitunga alikosea. Kwa mfano, yaweza kuamka lakini ishindwe kuifungua redio. Kwa hiyo baada ya kuamshwa, programu mpya hupewa muda wa kujithibitisha: ipime maji, iwasiliane na kituo, ndipo igeuze alama iwe 11111000. Wakati huo saa ya ulinzi huhesabu. Muda ukiisha bila uthibitisho, saa hukizima kifaa na kukiwasha upya. Programu anzishi husoma 11111100, hutambua kuwa jaribio limeshindikana, nayo huirudisha A kazini. Kifaa hurudi na kosa lake la zamani la hesabu, lakini kiko hai, na kituo chaweza kutuma programu iliyosahihishwa.

Iko gharama. Vyumba viwili huhitaji flashi maradufu. Pale ambapo nafasi haitoshi, programu mpya haina budi kuandikwa juu ya ile ya zamani. Hapo mbinu ni kufuta sekta ya kwanza kabla ya nyingine zote na kuiandika mwisho wa kazi. Umeme ukikatika katikati, programu anzishi huikuta sekta ya kwanza ikiwa imejaa 1, hutambua kuwa kazi haikukamilika, na husubiri kutumiwa programu upya. Kifaa hakifanyi kazi yake, lakini hakijafa.

Mfano wa mita za LUKU

Kanuni ya kutobadili lolote mpaka kila kitu kimekamilika ilishuhudiwa na Watanzania wengi mwaka 2024, ingawa wachache walijua kuwa ndiyo hiyo. Mita nyingi za malipo ya kabla duniani, zikiwemo za LUKU za TANESCO, zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, kwa kutumia biti 24. Biti 24 zaweza kuhesabu dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Hesabu hiyo ilikuwa ifikie mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo kila mita ilipaswa kubadilishiwa ufunguo wake wa siri kabla ya siku hiyo.

Mteja aliponunua umeme alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Aliingiza la kwanza, kisha la pili, ndipo la tatu lililokuwa na umeme wenyewe. Ufunguo mpya ulikuwa umegawanywa nusu kwa nusu katika mafungu mawili ya kwanza. Mita ilipopokea nusu ya kwanza iliiweka kando bila kubadili kitu. Ufunguo wa zamani ulibaki ukitumika hadi nusu ya pili ilipofika. Mteja aliyeingiza fungu moja akapumzika hakuiharibu mita yake.

Ni vizuri pia kuona tofauti. Mita hazikupewa programu dhibiti mpya, bali ufunguo mpya tu. Tarakimu 20 hubeba biti 66 hivi. Programu ya megabaiti 1 ina biti 8,388,608, kwa hiyo ingehitaji mafungu zaidi ya 127,000. Mtu angebonyeza tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, kwa siku 29. Ndiyo maana mhandisi mwenye busara hujiuliza kwanza kama kweli yahitajika programu nzima, au badiliko dogo litatosha.

Mbali kuliko Vudee

Mahali pasipofikika kabisa na fundi ni sayari nyingine. Gari la utafiti Curiosity la Marekani lilitua katika sayari ya Mars mwezi Agosti 2012, wakati ambapo ishara ya redio ilichukua kama dakika 14 kufika huko. Mara baada ya kutua, wahandisi walitumia siku nne kubadili programu yake ya safari na kuiwekea ya kazi za ardhini. Gari hilo lina kompyuta mbili, A na B. Mwezi Februari 2013 flashi ya kompyuta A ilipata hitilafu, na kazi ikahamishiwa B. Gari liliendelea na utafiti wake. Chumba cha pili, ambacho mtu wa haraka angekiita hasara ya nafasi, ndicho kilichookoa kazi.

Hitimisho

Mambo mawili hutawala kazi hii yote. La kwanza ni kwamba kikubwa hupitishwa katika kidogo kwa mafungu yaliyopimwa, kila fungu likingoja zamu yake. La pili ni kwamba cha zamani hakiachwi mpaka kipya kimekamilika, kimehakikiwa na kimejaribiwa. Waliochimba ndiva za Upare waliijua kanuni ya kwanza kabla ya kuwapo umeme. Ya pili huijua kila mwenye nyumba, ambaye habomoi kibanda anamolala kabla nyumba mpya haijaezekwa.

Maswali kwa wanafunzi

1. Programu ya baiti 1,048,576 inatumwa kwa mtandao wa biti 20,000 kwa sekunde, kila baiti ikiwa na biti 8. Itachukua muda gani kufika?
2. Baiti 10110010 imekwisha kuandikwa katika flashi. Je, yaweza kugeuzwa kuwa 10100010 bila kufuta? Na kuwa 10110011?
3. Mwanafunzi ameandika programu inayofuta sekta moja ileile kila dakika ili kuweka hesabu. Sekta ikivumilia mafuto 100,000, dhamana yake itakwisha baada ya siku ngapi? Pendekeza njia bora zaidi.
4. Tafuta maneno mengine mawili ya Kiswahili yenye herufi zilezile kwa mpangilio tofauti. Linganisha jumla zake, kisha baki zake kwa kigawanyo cha 97.
5. Kwa kutumia baiti ya alama iliyoelezwa, jadili darasani kitakachotokea umeme ukikatika (a) wakati sekta ya 100 ya B inafutwa. (B) mara tu baada ya alama kuwa 11111110. (C) sekunde moja kabla ya programu mpya nzuri kujithibitisha. Katika hali ya (c), ni kipi kinapotea, na ni kipi kinaokolewa?

Majibu ya hesabu: swali la 1, sekunde 419, yaani karibu dakika 7, swali la 2, ndiyo kwa ya kwanza, hapana kwa ya pili, swali la 3, karibu siku 69.